Kengele ya Pipa la Barafu

Oulu, 9 Septemba

Babu Reino,

Kabla ya salamu, niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Kila asubuhi Mama akiniona natoka na begi anaamini naenda maktaba kujisomea mtihani wa kuingia chuo cha famasia. Maktaba naenda kweli. Kitabu cha kemia nakiweka mezani kweli. Lakini sijakifungua tangu Agosti. Kazi ninayoifanya pale ni kuifundisha saa kupiga kengele.

Haya, nimeandika. Shikamoo Babu. Natumaini goti limepoa na nyavu zimetoka na dagaa wa kutosha. Sisi hatujambo. Mama anarudi kutoka duka la dawa amechoka, maana mji mzima una mafua. Paka wetu Mirri amenenepa sana, nadhani jirani naye anamlisha.

Sasa hiyo saa. Usiku wa Juhannus, ile sikukuu ya katikati ya kiangazi, tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za sauna yako, ukasema, "Natafuta mtu asiyelala, asiyekunywa kahawa wala kwenda msalani, anilindie pipa langu." Watu wote walicheka. Mimi nililibeba neno lako mpaka nyumbani.

Shule ilipofunga klabu ya elektroniki tuligawiwa vifaa. Mimi nilipata kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, na kamera yake. Inaweza kulitazama pipa juu ya barafu mpaka barafu ivunjike. Shida ni kwamba ikikaa macho mfululizo, betri inakwisha siku hiyo hiyo, na kwenye baridi inakwisha mapema zaidi. Kwa hiyo lazima ilale, iamke, ipige picha, ilale tena. Ndani yake kuna saa ndogo kama punje ya mchele, yenye betri yake. Waliotengeneza saa hiyo waliipa kengele ya kuamshia kompyuta. Lakini ile programu inayozungumza na saa, inaitwa kiendeshi, inajua kuuliza "saa ngapi?" tu. Haijui kusema "niamshe." Hakuna aliyewahi kuiandikia neno hilo. Nataka kuliandika mimi.

Usinicheke Babu. Na Mama asijue.

Mjukuu wako,
Helka


Hoikkaranta, 30 Septemba

Helka mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako ilinikuta na ndoo za dagaa mpaka mlangoni, na mtu hajibu barua mikono ikinuka samaki, karatasi ingefika kwenu na paka. Goti halijambo. Mwenye goti ndiye analalamika.

Siri yako iko salama. Nitamwambia nani hapa, kunguru? Famasia siijui, kemia ndiyo kabisa, lakini dada yangu, yaani bibi yako, naye alikuwa anaaga anakwenda kanisani anaishia kuvua samaki. Hilo tuliache.

Umeandika wakati mzuri, kwa sababu mkutano wetu wa pipa umekaa. Wewe mwenyewe ulilisikia lile la mwaka huu: Machi tukaweka pipa la buluu juu ya barafu ya ziwa kama kawaida, watu wa pande zote mbili za ziwa wakabahatisha siku, saa na dakika barafu itakapolichukua, na mimi mwamuzi nikakaa ufukweni kulitazama. Basi nikaingia ndani dakika mbili tu, nikitoka pipa halipo. Mkutanoni akasimama Sylvi Moilanen wa Vastaranta, yule mjane wa ng'ambo ya ziwa mwenye sauti ya filimbi.

"Reino, pipa liliondoka saa ngapi?"

"Imeandikwa."

"Najua imeandikwa. Nauliza liliondoka saa ngapi."

"Saa iliyoandikwa!"

"Ulikuwa jikoni unachemsha kahawa! Moshi wako tuliuona kutoka kwetu!"

"Ulitaka ninywe barafu?"

Watu walicheka, lakini uamuzi haukuwa wa kucheka. Nimepewa msimu mmoja tu. Barafu ikivunjika tena bila ushahidi wa dakika, pipa na uamuzi vinahamia Vastaranta. Helka, hilo pipa nilianza kuliweka na baba yangu nikiwa sijaota ndevu. Wakilichukua, mwezi wa Mei nitakaa ufukweni nikitazama nini?

Sasa niambie, si ungenunua tu saa ya kengele dukani? Zinauzwa karibu na soksi.

Babu yako,
Reino


Oulu, 20 Oktoba

Shikamoo Babu,

Sisi wazima. Theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka. Mama alishona mapazia, moja likatoka fupi kuliko jingine, na ametukataza kulitaja.

Saa ya dukani itakuamsha wewe, haiwezi kuiamsha kompyuta. Kwenye kompyuta hii kuna waya mmoja tu wa kuamshia, na waya huo umeungwa kwenye ile saa ya ndani. Ni kama nyumba yenye mlango mmoja na bawabu mmoja. Siwezi kubadili bawabu, inabidi nimfundishe. Kiendeshi ni mkalimani kati ya kompyuta na bawabu huyo. Nimekisoma chote, mstari kwa mstari. Aliyekiandika aliandika vizuri, ila hakuihitaji kengele, akaishia kwenye kutaja saa.

Na wiki iliyopita ililia, Babu! Niliiwekea dakika mbili mbele nikailaza, nikakaa nimejishika mdomo. Taa ikawaka. Nilipiga meza kwa furaha, msimamizi wa maktaba akanitazama, nikajifanya nakohoa.

Nakutumia kisanduku chenye kompyuta hiyo ndani, ili ukijaribu. Kiweke dirishani tu, usikiguse. Nimekifungia kengele ya sauti na taa nyekundu kwa ajili ya majaribio. Umenieleza mara nyingi kwamba Jumamosi saa kumi na moja jioni ndipo unapowasha moto wa sauna, basi nimekipanga kiamke saa hiyo hiyo, kila Jumamosi. Kikilia, kazi imekwisha, hapo tungoje barafu tu.

Helka


Hoikkaranta, 18 Novemba

Helka,

Kazi haijakwisha. Mimi ndiye niliyekaribia kwisha.

Nikusimulie. Kisanduku nilikiweka dirishani kama ulivyoagiza, hata vumbi sikulipangusa. Jioni moja kikapiga kelele na kuwasha taa kama gari la zimamoto. Nikajiambia, kumbe leo Jumamosi, siku zinakimbia. Unajua mtu akikaa peke yake siku zote hufanana. Nikabeba kuni nikawasha sauna.

Ilikuwa Ijumaa.

Helka, kwenye ziwa hili sauna zote hutoa moshi Jumamosi. Moshi wa Ijumaa ni wa mtu aliyezaliwa au mtu aliyekufa, na mimi uzazi umenipita. Nilikuwa nimekaa juu kabisa kwenye mvuke, nimejifunika taulo, nikasikia makasia. Nikachungulia. Sylvi Moilanen! Amepiga makasia kutoka ng'ambo huku anavunja barafu nyembamba ya pembeni, kichwani leso nyeusi, mapajani kapu la mikate ya msiba.

"Nani amekufa?" anauliza, ananitazama kama vile jibu ni mimi.

"Hajafa mtu!"

"Basi nani anaoga Ijumaa?"

"Leo Jumamosi!"

"Reino, mkate wangu wa Jumamosi bado ni unga. Leo Ijumaa."

"Kisanduku kimesema Jumamosi!"

"Kisanduku?" Akaweka kapu chini. "Sasa unapangiwa siku na kisanduku?"

Ilibidi nimweleze. Na mikate ilikwishafika, kahawa nayo ikachemshwa. Hakurudi na mkate hata mmoja. Kulikuwa na giza, nikamsindikiza kwa mashua yangu, basi.

Jumamosi yenyewe nilikaa mbele ya kisanduku tangu mchana. Kimya. Jumamosi iliyofuata, kimya. Ijumaa pia kimya. Tangu siku ile hakijatoa hata kikohozi. Nakurudishia. Sylvi ameusimulia mkutano mzima, na sasa nikipita dukani wananiuliza, "Reino, leo siku gani?"

Mwamuzi wako (kwa sasa),
Reino


Oulu, 2 Desemba

Shikamoo Babu,

Nimecheka mpaka machozi, halafu nimeona aibu, halafu nimecheka tena. Nisamehe. Mama aliniuliza kuna nini, nikamwambia ni barua yako, na hiyo angalau ilikuwa kweli. Anakusalimu. Anasema uvae soksi mbili mbili.

Kosa la Ijumaa nimelipata, na ni kosa la kwetu kabisa. Kalenda yetu ya jikoni huanza Jumatatu, kama kalenda zote za nchi hii, na mimi sikuwaza kwamba kuna wiki ya namna nyingine duniani. Nikahesabu: Jumatatu sifuri, Jumanne moja, mpaka Jumamosi tano. Kumbe saa ile wiki yake huanza Jumapili. Tano yake ni Ijumaa. Ilitutii wewe na mimi kwa uaminifu, siku moja mapema. Hapa nyumbani sikuliona kwa sababu nilikuwa napanga saa na dakika tu, bila siku. Nimelirekebisha.

Lakini kunyamaza kwake kunanitesa. Inalia mara moja, halafu basi. Nami nilikuwa nikiizima na kuiwasha kila baada ya jaribio, kwa hiyo kila mara ilikuwa kama mara ya kwanza. Pipa halihitaji picha moja Babu, linahitaji picha kila baada ya dakika chache kwa wiki nyingi. Nimejaribu kila ninachokijua.

Najua pa kuuliza. Wanaotunza viendeshi hivi huandikiana barua pepe mbele ya kadamnasi. Unatuma ulichoandika, kinaitwa kiraka, na mtu yeyote duniani anasoma na kukukosoa, na barua hazifutwi kamwe. Na kila kiraka lazima kiwe na jina lako halisi chini yake, kama sahihi, la sivyo hawakipokei. Jina la kubuni hawalitaki.

Babu, unanijua. Mimi hununua tiketi ya basi kwenye mashine hata dereva akiwa amesimama pale ananitazama. Darasani nilikuwa naandika jibu kwenye karatasi nampa mwenzangu alisome. Barua nimekwishaiandika. Imekaa kwenye rasimu tangu Jumatano, na kila nikiifungua naongeza "samahani" moja.

Labda tuseme kisanduku kimeshindikana.

Helka


Hoikkaranta, 6 Januari

Helka,

Nimechelewa. Kulikuwa na Krismasi, halafu kulikuwa na shughuli.

Ham, paja la nguruwe la Krismasi, ilitoka vizuri. Safari hii sikuila peke yangu mpaka Januari kama miaka mingine. Sylvi alikuja kukagua, maana sasa barafu inabeba mtu na anapita kwa skii. Anasema ni haki ya Vastaranta kujua mwamuzi anafanya nini. Alikuja na rönttönen zake, mikate midogo yenye puluki, yale matunda mekundu ya mwituni, na lazima nikiri anajua kuziacha katikati ziwe tamu bila kuzidi. Akakagua dirisha, akakagua jiko, akasema mapazia yangu yanatisha. Ukaguzi ulichukua mchana mzima.

Nilimwambia kwamba kisanduku kimeshindikana. Nilidhani atafurahi. Akasema, "Nani amekishindwa?" Nikasema mjukuu wangu, ana haya, hawezi kutuma barua. Akasema, "Mimi nilivunja barafu kwa makasia kumletea mikate maiti aliyekuwa hai. Mwambie aniulize kuhusu aibu."

Haya, hayo ni yake. Yangu ni haya. Machi nitasimama juu ya barafu mbele ya watu wa pande zote mbili, na kila mwaka mwamuzi hutangaza pipa limeletwa na nani, kamba imetolewa na nani, nanga imefuliwa na nani. Mwaka huu lazima nitangaze na kisanduku. Siwezi kusema "kimetengenezwa na mtu fulani." Watanizomea. Nitasema Helka Karppanen wa Oulu, kwa sauti yangu ya mkutanoni, kiwe kinalia au hakilii. Kwa hiyo jina lako litatoka tu. Chagua mwenyewe lianzie wapi.

Na futa hizo samahani zote. Umemkosea nani?

Reino


Oulu, 8 Februari

Shikamoo Babu,

Sijui nianzie wapi, basi naanza na Mirri: amepunguzwa chakula na hazungumzi na sisi. Sasa nimesalimia, niendelee.

NILITUMA. Siku barua yako ilipofika nilifuta samahani kumi na moja, nikaacha moja kwa adabu. Nikaandika jina langu chini. Nikabonyeza, nikakimbilia jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Siku nzima hapakuwa na jibu. Siku ya pili mtunzaji mmoja wa viendeshi vya saa, anaishi nchi nyingine kabisa, alijibu kwa mistari miwili. Wa kwanza: "Kengele ikilia inapandisha bendera. Hakuna mahali unapoishusha." Wa pili: "Rekebisha, utume tena."

Babu, hiyo tu! Saa ikifika wakati wake inainua kibendera kidogo ndani yake kusema nimelia. Kibendera kikibaki juu, inaamini bado inalia, kwa hiyo hailii tena. Ilikuwa imesimama dirishani kwako wiki zote zile na mkono juu kama mimi darasani, inangoja mtu aiambie haya, shusha. Mistari mitatu ya kuongeza. Nikaongeza. Nikatuma tena, akanikosoa nafasi kati ya maneno. Nikatuma mara ya tatu. Na mtu mwingine akaingia, mfugaji nyuki wa Brazili, akaandika kwamba ana vifaa kumi vya kupimia mizinga vyenye saa hiyo hiyo, amejaribu kiraka changu, na mizinga yake sasa inaamka. Akaweka jina lake chini ya langu kuwa shahidi. Jana mtunzaji ameandika: "Nimekipokea. Asante, Helka." Alitaja jina.

Nilikuwa nacheka peke yangu mezani. Mama akaingia.

"Unalia au unacheka?"

"Nacheka."

"Kemia siku hizi inachekesha?"

Nikamwambia yote. Alikaa, akavua miwani. "Helka," akasema, "kadi ya maktaba ni yangu. Kila kitabu unachoazima kinaniletea ujumbe. Tangu Septemba nasoma majina ya vitabu vya saa na kompyuta, nikasubiri uniambie, nikachoka kusubiri, nikaanza kushona mapazia." Halafu akaniuliza mtihani wa chuo cha kompyuta unafanyika lini. Aliniuliza jinsi anavyouliza mkate umebaki kiasi gani.

Kisanduku nimekirudisha kwako kwa posta. Kinaamka kila baada ya dakika tano, kinapiga picha na kuandika saa yake, kinalala. Kimefanya hivyo kwenye friza yetu wiki nzima. Tuna picha nyingi mno za mbaazi.

Helka


Hoikkaranta, 20 Machi

Helka,

Kwa kifupi, maana vidole vimeganda. Pipa limewekwa leo. Kisanduku kimefungwa kwenye nguzo ya gati, kinatazama ziwa. Nilitangaza jina lako, mwangwi ukalirudisha kutoka Vastaranta. Watu walipiga makofi na glavu zao nene, pafu pafu. Tauno wa gari la theluji akauliza, "Kinajua leo siku gani?" Nikamwambia kinajua kuliko yeye.

Mkutano umeongeza sharti. Ili pasiwe na maneno, mwamuzi asikae peke yake. Akae na shahidi wa upande wa pili mpaka barafu itakapoondoka. Vastaranta wamemchagua Sylvi. Au Sylvi amewachagulia. Nimelazimika kurefusha benchi la ufukweni.

Reino


Oulu, 6 Mei

Shikamoo Babu,

Hujaandika tangu Machi. Hapa mto umefunguka na watu wameanza kula aiskrimu huku wamevaa makoti. Goti? Pipa? Kisanduku kinawasha taa ndogo ya kijani niliyokiwekea, kila dakika tano? Kama kimekufa niambie tu, nitavumilia. Siwezi kuvumilia kutojua. Mama anasema watu wakinyamaza wana furaha au wana mafua.

Helka


Hoikkaranta, 17 Mei

Helka,

Mama yako ana akili. Mafua sikuwa nayo.

Barafu imeondoka! Juzi, baada ya chakula cha mchana. Mimi na Sylvi tulikuwa kwenye benchi, macho kwenye pipa, hatukupepesa. Pipa likainama, likazunguka, likaenda zake. Kisanduku kilikuwa kinawasha taa yake kama saa ya kanisa. Nimetoa kadi yake ya kumbukumbu, nimeiweka kwenye bahasha hii ndani ya soksi. Hapa hakuna wa kuifungua. Mkutano ni Jumapili ya tarehe thelathini na moja; wanataka picha moja kubwa iliyochapwa, yenye saa. Usipofanikiwa, unajua litakwenda wapi pipa.

Picha ya pipa tu inatosha. Nyingine usijisumbue kuzitazama.

Reino


Oulu, 23 Mei

Shikamoo Babu,

Kwa haraka, posta inafunga. Nimeipata! Saa nane na dakika arobaini pipa limesimama wima. Saa nane na dakika arobaini na tano limeinama na maji meusi mbele yake. Kisanduku hakikukosa kuamka hata mara moja tangu Machi. Picha iko ndani, kubwa. Usiikunje.

Mtihani nilifanya jana. Kulikuwa na mahojiano, na nilizungumza. Kwa sauti.

Helka


Hoikkaranta, 1 Juni

Mjukuu wangu Helka,

Pipa linabaki!

Picha ilibandikwa ukutani, watu wakaisogelea kama kuku kwenye mtama. Mshindi ni Tauno, alikosa kwa dakika sita tu, na sasa anadai anaongea na barafu. Kisha mwenyekiti akauliza kama Vastaranta wana pingamizi. Ukumbi mzima ukamgeukia Sylvi. Akasimama. Akasema, "Kisanduku kimefanya kazi. Na mwamuzi alikuwa kwenye benchi, mimi ni shahidi. Sina zaidi." Akakaa. Tangu nimjue hajawahi kusema maneno machache hivyo.

Kamati imepiga kura, mikono yote juu. Wanataka kisanduku mwaka ujao, na wanataka uje ukitundike mwenyewe.

Swali moja dogo. Mwalimu mstaafu alisema picha ni nyembamba upande wa kushoto, benchi halionekani. Ilikuwaje? Na je, ulitazama picha nyingine?

Reino


Oulu, 9 Juni

Shikamoo Babu,

Nimepata nafasi chuoni. Mama alipiga kelele, jirani akaja mbio, akakiri kwamba ndiye anayemlisha Mirri. Kwetu ni sherehe tupu. Nimelisoma lile la mikono yote juu mara nyingi, nimemsomea Mama, nimemsomea paka.

Sasa swali lako dogo.

Ndiyo, nilizitazama. Kwenye picha ya saa nane na dakika arobaini na tano pipa limeinama, ziwa linafunguka, jambo ambalo pande zote mbili zilikuwa zinalingoja tangu Machi. Na upande wa kushoto kuna benchi, na kwenye benchi watu wawili ambao hakuna hata mmoja kati yao anayetazama ziwa. Unamwambia Sylvi kitu sikioni. Yeye amerudisha kichwa nyuma anacheka, mkono wake uko kwenye mkono wako. Picha inayofuata, pipa halipo kabisa, na nyinyi mko vile vile. Ni kwenye ya tatu ndipo mmesimama, wewe unaonyesha kidole upande usio wenyewe.

Kwa hiyo nilichukua mkasi.

Hakuna aliyedanganya mkutano, Babu. Sylvi alisema ulikuwa kwenye benchi, na ulikuwa kwenye benchi. Dakika ni ya kisanduku, na ni ya kweli. Kile kipande cha kushoto nimekiweka ndani ya kitabu cha kemia, maana hakuna atakayekifungua. Nitakuletea Juhannus, ukitundike au ukifiche, hiari yako. Mwambie Sylvi nitapenda sana kuzionja rönttönen zake, na nitamsalimia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Lakini usimwambie kwamba najua. Wala Mama simwambii. Siku mtakapotaka, mtawaambia watu wenyewe. Mpaka hapo jambo hili ni letu sisi wawili, nakuomba sana, lisivuke ziwa.

Mjukuu wako,
Helka